Sakafu ya Chumba cha Mama



Mwezi wa Rajabu uliopita, mama yetu mzazi alijikwaa chumbani mwake alipoamka alfajiri kwenda kutawadha. Sakafu ya saruji ilikuwa imebanduka kwa miaka, na mguu ulinasa penye shimo. Alhamdulillahi, ukuta ulimdaka, hakuvunjika. Asubuhi ile tuliazimia kutia vigae kabla ya Ramadhani kuingia.

Ujira wa fundi ulitushinda, kwani karo za watoto zilikuwa zikingoja. Tukasema tutafanya wenyewe, sisi na kijana wetu. Tulijipa moyo kwa hadithi ya Bi Aisha, radhiya Allahu anha, aliyeulizwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa akifanya nini nyumbani. Alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Hesabu haikutupa taabu. Chumba ni mita 3 kwa 3.6; vigae vya sentimita 30 kwa 30 ni 120, tukaongeza 12 vya akiba. Tulichagua vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuwa vinavyong'aa huteleza vikipata maji, na mama hurudi kutawadha miguu ingali imelowa. Tukatafuta katikati ya chumba, tukapiga mistari miwili ya chaki, tukaanzia hapo.

Kosa letu lilikuwa kwenye gundi. Kwa haraka na kwa kubana matumizi, tulitia matonge matano nyuma ya kila kigae, moja kila pembe na moja katikati, tukakibandika. Jioni ya siku ya pili chumba kilipendeza. Majirani walikuja kutazama, wakatusifu, nasi hatukuzikataa sifa.

Mama watoto hakusema kitu. Kesho yake alichukua mwiko wa kusongea sima, akachutama, akagonga kigae kimoja kimoja. Kilichoshika kilitoa mlio mzito. Kisichoshika kililia kama mtungi mtupu. Alihesabu 17.

"Sheikh," akasema, "bakora ya mama ikitua hapa penye uwazi, kigae kitapasuka, na ncha yake itamkata mguu."

Tukamjibu kwamba tutatandika mkeka.

Ndugu zetu, miaka mingi tumewahimiza watu msikitini wasifiche aibu ya bidhaa wanayoiuza, nasi tulitaka kumficha mama yetu aibu ya sakafu yake. Usiku ule, baada ya Isha, tulimsikia chumba cha pili akituombea: "Ewe Mola, mtengenezee mwanangu mambo yake kama alivyonitengenezea chumba changu." Dua ile ilitunyima usingizi. Tuliogopa isije ikakubaliwa kama ilivyo.

Asubuhi tuling'oa vyote 17. Vilivyovunjika tukavifidia kwa akiba. Mara hii tulikwangua gundi kuukuu, tukafagia vumbi, tukalowesha sakafu kidogo. Tukapaka gundi kote kwa mwiko wa fundi wenye meno, tukalaza kigae, tukakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira na kukipima kwa pimamaji. Kila baada ya vigae vichache tulikibanua kimoja gundi ingali mbichi, tukatazama mgongo wake: ukienea gundi wote, kazi ni salama, ukionyesha mabaka matupu, hurudiwa. Kisha tukangoja saa 24 kabla ya kukanyaga na kuziba nafasi za kati.

Enyi akina baba mnaotamani kujaribu, anzeni na chumba kikavu. Bafu na choo mwachieni fundi, kwani huko sakafu hutakiwa iinamie kwenye tundu la maji, na kosa dogo huvujisha nyumba. Nanyi akina mama, msione haya kupita na mwiko wenu wa sima kabla ya mwenye kazi kusifiwa.

Mama amerudi chumbani mwake. Aliposikia nyundo siku ile, tulimwambia twamalizia tu. Habari ya vile 17 ataisikia Ijumaa hii, makala haya yakisomwa nyumbani. Tunamwomba radhi, na tunamwomba airudie dua ile ile.

Wabillahi tawfiq.