Walipozima, tulishindwa kuhesabu

Kuna ubishi ambao washkaji zangu hawaumalizi kijiweni: hivi intaneti inaisaidia nini siasa zaidi ya kelele? Mmoja anasema inaleta watu barabarani. Mwingine anasema inawafanya wakae kwenye makochi wakidhani wameshaandamana. Mimi naona wote wawili wanabishania umati, na umati ndio sehemu ndogo ya habari hii.

Chukua Misri. Usiku wa kuamkia Ijumaa, Januari 28, 2011, serikali ya Hosni Mubarak ilikata intaneti karibu nchi nzima, simu za mkononi nazo zikafuata. Hesabu yao ilikuwa rahisi: watu wanaitwa na Facebook, basi ukiizima wanabaki nyumbani. Ijumaa hiyohiyo Cairo ikafurika. Msomi mmoja, Navid Hassanpour, wakati huo akiwa Yale, aliandika baadaye kwamba kukata mawasiliano kulichangia kuwatoa watu nje. Inaingia akilini. Aliyekuwa anafuatilia kwenye skrini ilibidi atoke akaone mwenyewe, au akamtafute ndugu yake. Februari 11 Mubarak akang'oka.

Sasa kama dawa haitibu, kwa nini serikali bado zinainywa? Nadhani kwa sababu kuna kitu kingine inachokiweza vizuri sana.

Njoo kwa majirani zetu Kenya. Desemba 30, 2007, vurugu za uchaguzi zikiwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Januari 2008 vijana wachache, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, wakatengeneza tovuti na kuipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Unatuma meseji au unaandika kwenye wavuti: hapa nyumba imechomwa, hapa mtu ameuawa. Taarifa inawekwa kwenye ramani. Basi. Haikumwita mtu yeyote barabarani, ilikuwa inahesabu tu. Tume ya Jaji Philip Waki nayo ilikuja kuandika vifo 1,133, lakini tume huja miezi baadaye. Meseji zilikuja moto ukiwa bado unawaka.

Mnaona ninakoelekea.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilikatika nchi nzima. X ilikuwa imeshafungiwa tangu Mei, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tumejipanga na VPN zetu, tukijiona wajanja. VPN bila intaneti ni picha tu kwenye simu. Jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje Dar es Salaam kuanzia saa kumi na mbili. Watu walikuwa wameshaingia barabarani tangu mchana. Kwa hiyo kwenye suala la umati, tulirudia Misri.

Lakini jaribu kuandika habari siku hizo! Nilikuwa na kalamu, daftari, na simu ambayo kwangu ilipiga na kupokea kawaida. Nilichokosa ni namba ya kuandika kwenye sentensi ya kwanza. Mtu ananipigia: huku kwetu wamekufa wanne. Mwingine wa mtaa huohuo: kumi. Picha hakuna, wa kumlinganisha naye hayupo hewani. Oktoba 31 CHADEMA walisema waliokufa ni kama 700. Siku hiyohiyo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikazungumzia taarifa za kuaminika za vifo visivyopungua 10. Serikali haikutoa idadi. Kati ya 10 na 700, mwandishi aandike nini? Hiyo si tofauti ya maoni, jamani. Ni mamia ya watu wenye majina na mama zao.

Mtandao uliporudi siku kadhaa baadaye, video zikamwagika kama mvua, na meseji ikaingia kwenye simu ikituonya kuhusu kusambaza picha za kuzua taharuki. Nilikesha nikiangalia mabango ya maduka, namba za pikipiki, lafudhi za wanaopiga kelele, kujua ipi ni ya kwetu na ipi imetolewa nchi nyingine. Video iliyochelewa siku tano ina kazi mara mbili. Waliokuwepo wameshahama, mashahidi wameshaogopa. Novemba ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume tena.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Watu wangu wengi wa habari nilikuwa nao WhatsApp tu, kumbe namba za kawaida za baadhi yao sikuwa nazo kabisa. Sasa nina daftari la karatasi: wauguzi, wajumbe wa nyumba kumi, madereva wa bodaboda, mafundi seremala wanaotengeneza majeneza. Wiki iliyopita nimeongeza mchimba kaburi. Alishangaa kwamba sitaki ya WhatsApp, akaniuliza kama nimeishiwa bando.