Neno la Fundi na Nambari za Kopo

Wahenga walinena kuwa mazoea yana taabu. Huenda kauli hiyo ilikusudiwa tabia za wanadamu, lakini leo ina mahali pake hata katika gereji za magari nchini Kenya. Humo, swali la ni mafuta gani yatiwe ndani ya injini aghalabu hujibiwa kabla halijaulizwa. Fundi hunyoosha mkono, hutwaa kopo lililoandikwa 20W-50, naye mwenye gari hulipa. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyokuwa tangu enzi za Peugeot 504, gari lililoheshimika katika barabara za nchi hii kwa miaka mingi. Magari hayo yamekwisha kustaafu, ilhali jibu lililoyafaa lingali linatolewa kwa magari ambayo wakati ule hayakuwa hata yamebuniwa.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili karibu na Nyahururu alilitambua jambo hili kwa msukumo wa shida, si wa udadisi. Alikuwa amechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akaagiza kutoka Japani gari dogo lililotumika, lenye injini ya petroli ya lita 1.5. Lilifika bandarini Mombasa likiwa na umri wa miaka 7, karibu kabisa na kikomo cha miaka 8 ambacho Kenya imewawekea waagizaji wa magari yaliyotumika. Hakulinunua kwa ajili ya fahari. Mamake mzazi alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Nakuru, na safari hiyo ya zaidi ya kilomita 60 ilianza kabla ya mapambazuko. Matatu za alfajiri zilikuwa zimemchosha mgonjwa. Mkopo nao ulikatwa mshaharani kwa miezi 48. Iwapo injini ingekufa katika mwezi wa kumi, mwalimu angeendelea kulipia gari lililolala kwa miezi 38, na mama angerudi kituoni kusubiri matatu gizani.

Baada ya gari kubadilishiwa mafuta kwa mara ya kwanza, lilianza kutoa mlio. Kila alfajiri, likiwashwa, injini ilikwaruza kwa sekunde chache kama mnyororo uliolegea, kisha ikatulia. Mwalimu alilirudisha kwa fundi. Fundi huyu alikuwa mzee wa makamo ya babake, mtu mwaminifu ambaye mikono yake ilikuwa imefufua magari mengi yaliyokatiwa tamaa.

"Mwalimu," alisema fundi, "nchi yetu ni ya joto. Mafuta mepesi ni ya Wazungu na theluji yao. Injini ikilia, itilie mafuta mazito zaidi."

"Sawa, Mzee," akajibu mwalimu, kwa maana hakuwa na hoja ya kumpinga. Hata hivyo, kauli ile ilimkaa moyoni. Nyahururu upo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na katika alfajiri za Julai mtu akisema huona pumzi yake. Ni joto lipi lililokuwa likizungumziwa?

Jibu la swali hilo limo katika nambari zilizoandikwa kwenye kopo lenyewe. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kama SAE, kiliasisiwa mwaka wa 1905, na kufikia mwaka wa 1911 kilikuwa kimeanza kuyapanga mafuta ya injini kwa kigezo cha mnato. Mnato ni ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Herufi W haisimamii uzito kama wengi wadhanivyo. Ni herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Nambari inayoitangulia hueleza jinsi mafuta yanavyomudu baridi wakati injini inapowashwa. Mafuta ya 20W hufanyiwa jaribio la kuwasha injini katika nyuzi 15 chini ya sufuri, ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sufuri, na ya 0W katika nyuzi 35 chini ya sufuri. Kadiri nambari inavyopungua, ndivyo mafuta yanavyowahi kutiririka kukiwa na baridi. Nambari ya pili huhusu mnato wa mafuta yakiwa moto, na kipimo chake cha msingi hufanywa katika nyuzi 100.

Kutokana na maelezo hayo, mwalimu alijifunza mambo mawili. Kwanza, mafuta yote huwa mazito yakipoa. Hata yale ya 0W-20, ambayo fundi huyaita maji, katika alfajiri ya nyuzi 10 huwa mazito mara nyingi kuliko yanavyokuwa injini ikishika moto. Kwa hivyo, hatari ya alfajiri si wepesi wa mafuta, bali ni kuchelewa kwake kupanda kutoka kwenye karai lililo chini ya injini hadi sehemu za juu. Pili, injini ina themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji yanayoipoza. Gari likiwa Lodwar au Nyahururu, injini nzima ikishapata moto hufanya kazi katika kiwango kinachokaribiana cha joto. Hoja kwamba nchi yenye jua kali hudai mafuta mazito haina uzito ambao imepewa kwa miaka mingi.

Fauka ya hayo, injini za kisasa hazijaundwa kama za jana. Nafasi zilizopo baina ya vyuma vyake ni finyu, na vijia vya mafuta ni vyembamba. Katika injini nyingi, muda wa kufunguka na kufungika kwa vali hubadilishwa kwa nguvu ya msukumo wa mafuta yale yale, yakipitia vali ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Katika nyingi pia, kikaza mnyororo hutegemea msukumo huo. Mafuta yaliyo mazito kupita kiasi huchelewa kufika huko. Mnyororo ukapiga kelele, vali zikakosa muda wake, na petroli ikatumika zaidi kuyasukuma. Mlio wa alfajiri wa gari la mwalimu ulikuwa na maelezo.

Lililobaki lilikuwa namna ya kulisema jambo hilo mbele ya mtu aliyemzidi umri na ujuzi wa mikono. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kilikuwa cha Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Mwalimu alikwenda gerejini bila kitabu, akamwomba fundi afungue boneti, kisha akaonyesha kifuniko cha mahali pa kutilia mafuta. Juu yake palikuwa pameandikwa 0W-20.

Fundi aliinama, akalipangusa vumbi kwa kidole gumba. "Mwalimu, nambari hizi nimeziona miaka yote. Nilidhani ni za kifuniko."

Mwalimu alimweleza kwa mfano wa uji. Uji uliolala huganda, nao uliotoka motoni hutiririka. Nambari ya kwanza yahusu uji wa asubuhi, ya pili yahusu uji ulio jikoni. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akauliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia: "Na lile gari langu kuukuu linalokula mafuta, nalo nilitilie haya?"

Swali hilo lilionyesha kwamba mwanafunzi amempiku mwalimu. Jibu lake ni la, si lazima. Mafuta mepesi si bora kwa kila gari, kama ambavyo mazito si bora kwa kila gari. Injini iliyobuniwa kutumia mafuta mazito hustahili hayo hayo, na iliyochakaa kiasi cha kuyachoma mafuta yake huweza kufaidika kwa mnato wa juu kidogo. Watengenezaji wenyewe hawatoi nambari moja kila mara. Injini ile ile huweza kuruhusiwa mafuta ya 0W-20 katika soko moja na ya 5W-30 katika soko jingine, kutegemea mizigo, mwendo na sheria za matumizi ya petroli. Wa kusikilizwa kwanza ni mtengenezaji. Mazoea ya gereji hayana budi kuja baada yake, sawa na maneno ya tangazo.

Aidha, mnato ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ubora, nao huonyeshwa kwa herufi. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, huyapa mafuta ya injini za petroli herufi mbili zinazoanza kwa S. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja linavyokuwa jipya zaidi: SN ilianza mwaka wa 2010, SP mwaka wa 2020, na SQ mwaka wa 2025. Daraja la SP liliwekwa, pamoja na mambo mengine, ili kupunguza mlipuko wa mapema unaozivunja pistoni za injini ndogo zenye taboo, na uchakavu wa mnyororo. Kwa hivyo, makopo mawili yaliyoandikwa 5W-30 yaweza kutofautiana kwa miongo ya utafiti ikiwa moja lina SP na jingine lina SF.

Hali ya magari ya dizeli ni nyeti zaidi. Dizeli nyingi za kisasa zina chujio la kunasa masizi katika bomba la moshi. Mafuta ya kawaida yakiungua huacha majivu, na majivu hayo, tofauti na masizi, hayateketei; hujilimbikiza hadi chujio likaziba. Magari hayo huhitaji mafuta yenye majivu kidogo, kama vile ya daraja la JASO DL-1 la Japani au ya madaraja ya C ya ACEA ya Ulaya. Anayemtilia mteja mafuta yoyote ya dizeli kwa kuwa "dizeli ni dizeli" humwandalia gharama ambayo haitaonekana siku hiyo.

Kisha kuna suala la ughushi. Kopo laweza kuwa na nambari zote sahihi na ndani mkawa na mafuta yaliyokwisha kutumika, yaliyochujwa na kufungashwa upya. Mnunuzi hana maabara, lakini ana macho. Muhuri uliovunjika, lebo iliyopindika, au bei iliyo chini mno ya zile za maduka mengine ni sababu za kutosha za kuondoka. Ni busara kununua kwa wakala anayetambulika na kudai stakabadhi. Isitoshe, kopo tupu litobolewe kabla halijatupwa, maana kopo zima ndilo mtaji wa mghushi.

Mwalimu alinunua mafuta ya 0W-20 ya daraja la SP kwa bei iliyozidi maradufu ile aliyozoea. Fundi aliyabadilisha pamoja na chujio lake. Mlio wa alfajiri ulipungua. Haukuisha kabisa, kwa kuwa chuma kilicholika hakirudi. Kuhusu muda wa kubadilisha tena, baadhi ya miongozo ya Japani hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa gari lifanyalo kazi katika mazingira magumu. Vumbi la barabara ya kijijini lilijibu swali hilo. Mwalimu na fundi walikubaliana kilomita 7,500, na tarehe ikaandikwa kwenye kikaratasi ndani ya boneti, kwa Kiswahili.

Kikaratasi hicho kinastahili kuwafikirisha wapenzi wa lugha hii. Gari limekuja likinena Kijapani, kopo linanena Kiingereza, na mtu aliyekabidhiwa uhai wa injini hunena Kiswahili. Fundi hakukosa akili, alikosa tafsiri. Maneno yapo: mnato, kilainishi, chujio, msukumo, majivu. Yamo katika kamusi na katika vitabu vya sayansi, lakini hayajashuka hadi gerejini, mahali ambapo kutojua neno moja kwaweza kuangusha mkopo wa miaka minne. Wasomi wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu iwapo lugha hii yaweza kubeba sayansi. Fundi wa Nyahururu aliielewa sayansi hiyo kwa mfano wa bakuli la uji, kisha akauliza swali gumu kuliko alilofundishwa. Kazi iliyobaki ni ya wale wajuao maneno: wayapeleke mahali yanapohitajika, yaandikwe kwa herufi kubwa ukutani, karibu na makopo.