Ngumbo: Sikio Lililosikia Dawa

Ukiwa Songea nawe unataka kufika Ngumbo, ndugu msomaji, jiandae kupanda kwanza, kisha kushuka. Barabara itakupandisha hadi Mbinga, nchi ya Wamatengo, penye mibuni na yale mashamba mashuhuri ya ngoro, ambayo mashimo yake hujipanga juu ya miteremko mfano wa sega la nyuki. Toka hapo utaanza kuteremka. Baridi itakuaga, na mara Ziwa Nyasa litatandazwa mbele yako. Fika Mbamba Bay, elekea kaskazini, pita Liuli, endelea na pwani; hapo utaingia Ngumbo. Zamani mahali hapa palihesabiwa Mbinga. Tangu mwaka 2012 mwambao huu una wilaya yake, Wilaya ya Nyasa.

Mimi nilikwenda kutazama uvuvi wa usipa. Sikujua kwamba nitarudi na habari za sikio la mbwa.

Pwani ya Ngumbo ina kazi mbili. Upande wa maji ni mitumbwi, nyavu na usipa walioanikwa juani. Upande wa mlimani ni mihogo. Panapoanikwa samaki, nzi hawakosi; na penye mihogo, nyani na nguruwe pori hawako mbali. Ndiyo sababu mbwa hapa si pambo. Ni askari wa shamba, na mshahara wake ni tonge la ugali na kichwa cha samaki.

Mzee aliyenipokea nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetukuta tuna mahabusu."

Alinyosha kidole. Chini ya mwembe alifungwa mbwa mwekundu, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo la siri. Jina lake ni Tumeyazoea, na bila shaka msomaji anaelewa kwamba jina hilo walipewa majirani, si mbwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa majuma kadhaa Tumeyazoea alikuwa akitikisa kichwa na kujikuna sikio la kushoto hadi damu. Sikio lilianza kunuka. Mzee, kwa nia njema kabisa, alilitia mafuta ya taa. Mbwa alilia usiku kucha. Siku chache baadaye mjukuu wa Mzee, mtoto wa miaka tisa, alimpapasa kichwani kama alivyozoea. Mbwa akamng'ata mkono.

Kijiji kilisikia neno moja tu: kichaa! Vijana wakaja na marungu. Mzee alipojaribu kusema habari za sikio, jirani mmoja alimkata kauli: "Sikio la kufa halisikii dawa."

Aliyeokoa hali ni Bwana Mifugo. Wala yeye hakuanza na mbwa. Aliuliza kwanza habari za mtoto. Jeraha likaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na siku ile ile mtoto akapelekwa hospitali kuanza chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Kwa hiyo chanjo haingoji uhakika.

Kisha akaamuru mbwa afungwe siku kumi. Apewe maji na chakula kutoka mbali, asiguswe na mtu. Ikiwa mate ya mbwa yalikuwa na ugonjwa siku aliyong'ata, kabla siku hizo kwisha atadhoofika, atashindwa kumeza, atapepesuka na kufa. Akibaki mzima, basi hakumwambukiza mtoto. Kumpiga rungu na kumzika papo hapo ni kumzika pamoja na jibu.

"Siku hizo kumi nilizihesabu kama mfungwa," Mzee aliniambia. "Kila asubuhi niliamka kumtazama kama amekula. Mtoto naye aliuliza kila siku: Babu, atakufa? Sikuwa na la kumjibu."

Mimi nilifika siku ya kumi na moja. Tumeyazoea alikuwa amekula ugali wake wote.

Bwana Mifugo alirudi alasiri, akavaa glavu, akamfunga mbwa mdomo kwa ukanda wa kanga uliochakaa, Mzee akamshika mwili. Mtoto, mkono ukiwa bado na bendeji, aliomba mwenyewe kushika tochi. Sikio lilipofunuliwa, sote tuligeuza nyuso kwa harufu. Ndani mlikuwa na usaha wa manjano, ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya taa, na kupe saba walionona.

Kila kupe alishikwa kwa kibano karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kumpasua. Sehemu ya nje ikapanguswa kwa pamba. Baada ya hapo Bwana Mifugo alitazama ndani kwa kifaa chenye taa, kuhakikisha kwamba kiwambo cha sikio hakijatoboka. Ndipo akamimina maji ya chumvi ya uvuguvugu, akasugua polepole chini ya sikio, na kumwachia mbwa atikise kichwa. Uchafu ulimrukia kila mtu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu walicheka.

Alitueleza kwamba tundu la sikio la mbwa halinyooki kama letu. Hushuka kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L. Kinachoingia hakitoki kwa urahisi: maji ya ziwa, mbegu za nyasi, kupe. Joto na unyevu hukaa humo, na vijidudu hustawi.

Wewe msomaji wa mjini unayemfunga mbwa getini, usidhani habari hii ni ya Ngumbo peke yake. Mtazame mbwa wako masikio mara moja kwa juma. Sikio zima ni safi, halinuki, wala halihitaji kuoshwa kila siku. Ukiona uchafu kidogo, chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, acha yapoe hadi uvuguvugu, chovya pamba na upanguse pale tu kidole kinapofika. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani zaidi. Mafuta ya taa, oili chafu na spiriti ni mateso, si dawa. Mbwa akitoka kuoga, mkaushe masikio. Nzi wakimla ncha za masikio, safisha vidonda, ondoa takataka zinazowavuta, na mlaze ndani mchana.

Ukiona uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, huenda ni utitiri. Ukiona usaha, damu, uvimbe, au kichwa kilichopinda, usimimine kitu chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kiwambo kikiwa kimetoboka, hata dawa nzuri yaweza kumfanya kiziwi. Na chanjo ya kichaa mpe tangu umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tumeyazoea hakuwa amechanjwa, na Mzee alilikiri jambo hilo kwa sauti ya chini. Alichanjwa jioni ile.

Nilikaa Ngumbo siku nne zaidi. Kila asubuhi na jioni Mzee alitia matone ya dawa aliyoachiwa, na mtoto alisimama kando akitazama, mikono nyuma. Siku ya nne aliuliza, "Babu, nimshike?" Mzee alifikiri kwa muda. "Shingoni," akasema, "si kichwani. Na mwite kwanza ajue ni wewe."

Mtoto akaita. Mbwa akainua masikio yote mawili.

Yule jirani wa methali alikuwa akipita na ndoo ya usipa. Alisimama, akatazama, akaendelea na safari yake bila neno. Jioni alirudi na mbwa wake mwenyewe, amemfunga kamba, akauliza kama Bwana Mifugo atapita tena juma lile.