Kilomita Kumi na Moja kwa Sekunde ni Mwendo Gani?

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu: kitu kirushwe kwa kasi gani ili kiiponyoke dunia kisirudi tena? Aliyesoma fizikia hujibu bila kusita kwamba ni kilomita 11.2 kwa sekunde. Je, huo ni mwendo mkubwa? Mkubwa sana, Daktari. Mkubwa kiasi gani? Hapo darasa hunyamaza. Mimi nafundisha siasa, si elimu ya falaki, na swali hilo nalileta makusudi kwa ajili ya ukimya huo. Ni ukimya uleule ninaousikia mezani wanapofunguliwa kitabu cha bajeti.

Wataalamu wa roketi huhesabu kwa sekunde kwa kuwa kazi yao hupimwa kwa sekunde. Injini huwaka dakika chache tu na safari imeshaamuliwa. Sisi wengine mwendo tunaujua kwa saa. Kibao cha kuingia kijijini kinasema 50, basi la mkoani linatakiwa lisizidi 80, treni yetu ya umeme hufikia 160. Kuvuka kutoka lugha yao kuja yetu hakuhitaji shahada: saa moja ina sekunde 3,600, basi zidisha. Dunia inadai kilomita 40,320 kwa saa. Mwezi, ambao kasi yake ni kilomita 2.38 kwa sekunde, unadai takriban 8,570. Mirihi ni kama 18,100, na Mshtarii hupita 214,000.

Lakini tukome hapo? Nadhani wengi hukosea kwa kudhani kwamba kipimo kikishakuwa cha kawaida, kazi imekwisha. Hakuna mtu aliyewahi kuuhisi mwendo wa kilomita 40,320 kwa saa akiwa barabarani. Ni namba iliyovaa nguo za nyumbani, lakini bado mgeni. Mimi huichukua njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450. Treni ikienda kwa kasi yake ya juu bila kusimama popote, ni karibu saa tatu. Kwa kasi ya kuiponyoka dunia ni sekunde 40. Hapo ndipo darasa huguna.

Na mzani huo hushuka pia. Fobosi, mwezi mdogo wa Mirihi, huponyokwa kwa takriban mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa. Dereva wa daladala anayekitii kibao cha 50 (tukubali kwamba yupo) angeondoka huko na abiria wake wote wasirudi. Kimondo chenye mkia kiitwacho 67P kinaachwa kwa takriban mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Tarehe 12 Novemba 2014 chombo cha Ulaya kiitwacho Philae kilitua juu yake, nanga zake zikakataa kufyatuka, kikadunda kwa sentimita 38 kwa sekunde. Mtoto anayejifunza kutembea huenda hivyo. Kilielea karibu saa mbili ndipo kikagusa chini tena. Kingedunda kwa mwendo wa mtu mzima aliyechelewa kazini, kingepotea.

Jambo hili halikufanyika mbali na sisi. Karibu na Malindi, baharini, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Haikuiponyoka dunia, iliizunguka, na kwa hilo ilitosha kama kilomita 27,000 kwa saa. Karibu 1,670 kati ya hizo ilizipata bure, kwa sababu ikweta yenyewe huzunguka kwa kasi hiyo. Mvuvi wa Malindi aliyelala ufukweni anakwenda kasi kuliko ndege ya abiria. Sijaona kitabu cha shule kinachomwambia hivyo.

Sasa mtumishi wa umma anaposoma mbele ya wananchi kwamba mradi utazalisha lita milioni moja za maji kwa siku, watu hupiga makofi. Gawanya kwa ndoo ya lita 20: ni ndoo 50,000. Mji ukiwa na watu 100,000, kila mmoja amepata nusu ndoo, ya kunywa, kupikia, kuoga na kufua. Aliyeiandika taarifa hakusema uongo hata kidogo. Amebakia tu kwenye kipimo ambacho hakuna mama anayekibeba kichwani.

Kazi ya wiki hii, kwa hiyo: kila mwanafunzi alete namba moja kutoka katika taarifa ya halmashauri ya kwao, akiwa ameigeuza kuwa ndoo, madawati, vidonge au kilomita za kwenda zahanati. Mmoja ameniuliza kama anaruhusiwa kumpelekea diwani wake nakala. Nimemwambia ampelekee kwanza.