Tuta la Mkondoa ni la nani?

Huku Nijmegen, Uholanzi, kila mwaka naletewa ankara ya kodi ambayo si ya serikali kuu wala ya manispaa. Ni ya bodi ya maji, waterschap kama wenyewe wanavyoiita, na fedha yake ni ya matuta, mifereji na majitaka tu. Wajumbe wake wengi wanapigiwa kura. Sisi tuliotoka Kilosa, mkoani Morogoro, Tanzania, ankara hiyo inatukera na kututia wivu papo hapo.

Mwishoni mwa 2009 mto Mkondoa ulivunja tuta la zama za mkoloni ukaingia mjini. Maelfu wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kuchoka kwa tuta hakukuwa jambo la siri: ng'ombe wanalikanyaga wakienda kunywa maji, watu wanalima hadi ukingoni, mchanga unajaa mtoni. Lakini uliza nani alipaswa kulikagua kiangazi. Wilaya itakutuma wizarani, wizara itakutuma bodi ya bonde la mto, na jua linazama.

Waholanzi nao walifundishwa kwa kipigo. Februari 1953 bahari iliua watu 1,836 nchini mwao. Hapa Nijmegen, mto Waal ulipotishia, hawakuinua tuta. Walilirudisha nyuma mita 350 upande wa kijiji cha Lent na kuuchimbia mto njia ya pili, kazi iliyokamilika 2016. Nyumba kama 50 zilibomolewa, na wenyeji walipinga kwelikweli. Ila fidia ilitangulia, zikafuata nyumba, maji yakaja mwisho. Kwetu yalianza maji, yakaja mahema, ndipo tukaanza kuulizana habari za viwanja.

Utasema wao wana hela. Haya, pita Hifadhi ya Mikumi kwenye barabara ya Iringa. Ndani ya hifadhi, yapata kilomita 50, utakuta matuta ya kupunguza mwendo na bango lenye faini ya kila mnyama. Bei ya twiga unaisoma kabla hujamgonga! Dereva wa lori anajua atamlipa nani na kwa kosa gani. Basi kupanga mapema tunaweza, tukiamua.

Na vyombo tunavyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ipo Morogoro na tayari inatoza ada wanaotumia maji. Reli mpya ya kisasa, SGR, imechimbiwa mahandaki Kilosa, na tangu 2024 treni zake zinafika Dodoma. Ila mji wenyewe hauna handaki la kukwepea mafuriko.

Mimi ningetenga sehemu ya ada ya maji ya bonde kwa tuta la Mkondoa peke yake, likaguliwe kila Septemba kabla ya vuli, na jina la mkaguzi libandikwe ofisi ya kata. Ng'ombe wakizuiwa kulikanyaga, wafugaji watalalamika kufungiwa njia. Wajengewe kivuko, tena waulizwe wanakitaka wapi kabla greda halijafika.