Boksi la Pili

Mwaka 1991 nilikuwa napiga besi katika bendi moja ndogo ya dansi Dar es Salaam, na kila Jumapili usiku nilishuka jukwaani vidole vimevimba. Nyimbo zenyewe hazikuwa ngumu. Nilikuwa nakung'uta nyuzi kwa nguvu zangu zote ili nisikike. Kombo yangu, yaani amplifaya na spika ndani ya sanduku moja, ilikuwa na spika moja ya inchi 15. Ilishindana na magitaa matatu, tumba, drams, saksafoni na tarumbeta, tena katika ukumbi wa wazi, usio na paa la kurudisha sauti.

Uzi mzito wa besi ukipigwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Sauti ya chini namna hiyo inataka hewa nyingi isukumwe, na spika moja haiiwezi. Nikiongeza sauti, koni ilikoroma. Wachezaji wa mbele waliona vidole vyangu vinakwenda, lakini miguuni hawakupata kitu. Na dansi letu, rumba hasa, mtu huanza kulicheza kwa miguu.

Nyuma ya kombo kulikuwa na tundu la jeki nisilolitumia, lililoandikwa kuwa ni la spika ya nje. Siku moja tukaazima boksi la spika ukumbini, nikaliunganisha kwa waya uleule wa gitaa. Nyimbo mbili za kwanza zilinipa raha ambayo sikuwahi kuipata jukwaani. Ya tatu haikufika katikati. Ilikuja harufu ya kitu kinachoungua, kisha kimya. Mpiga tumba alinitazama, akaelewa, akabeba mzigo wangu mpaka saa nane usiku.

Kesho yake nilipeleka kombo kwa fundi mmoja wa Kariakoo, mzee wa makamo aliyekuwa akitengeneza redio na amplifaya. Hakuifungua kwanza. Aliigeuza, akaweka kidole kwenye kibati cha nyuma.

"Kijana, hapa umepasoma?"

"Hapana, mzee."

Kibati kilisema mzigo usishuke chini ya omu 4. Spika ya ndani ilikuwa ya omu 8, na boksi tuliloazima lilikuwa la omu 4. Mzee alinieleza kwa mfano wa milango. Kila spika ni mlango wa kupitishia umeme, na omu zinakwambia mlango umebana kiasi gani. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, milango inakuwa miwili iliyo sawa, na jumla yake ni omu 4. Ukiweka ya 8 na ya 4, jumla inashuka hadi omu 2.7 hivi. Umeme unapita kwa wingi kuliko transista zilivyotengenezwa kuhimili. Zangu zilikufa kwa moto. Waya nao aliukataa, kwa sababu waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati na wavu kuuzunguka, kazi yake ni kubeba umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa. Spika inataka waya wenye nyuzi mbili nene.

Mzee alipokwisha kuitengeneza kombo, nami nilipopata fedha, nilikwenda kwa maseremala wa Keko. Tulichonga boksi la plaiwudi ya milimita 18, na kila kiungo tukakiziba kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa randa, maana boksi likivuja upepo besi inapotea. Nikaweka spika ya inchi 15, omu 8. Nilipoipima kwa mita nikashtuka, ilisoma 6. Mzee akanituliza: mita hupima koili peke yake ikiwa imetulia, na spika ya omu 8 husoma 6 hivi. Ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Tukaunganisha. Besi ikawa nyembamba kuliko ya kombo peke yake.

Mzee alichomoa spika zote mbili, akachukua betri ndogo ya tochi na kuigusisha kwenye miguu ya spika ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Koni ikaruka mbele. Akaigusisha kwenye ile mpya, koni ikarudi nyuma. Alama za kiwandani zilikuwa zimegeuzwa. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, kwa hiyo zikawa zinauana. Akabadilisha waya mbili, akachoma risasi, akanirudishia gitaa. Nilipiga noti moja tu. Mabati ya dukani yalitikisika.

Kombo iliyotoa kama wati 65 kwa spika yake, sasa ilifikia wati zake 100. Hilo lisingetosha, maana hata wati zikiwa mara mbili sauti hupanda desibeli 3 tu. Faida kubwa ilitokana na koni mbili kusukuma hewa kwa pamoja.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa mkono wangu. Kabla ya hapo nilikuwa najaza kila nafasi kwa kuogopa kupotea. Noti ilipoanza kufika mwisho wa ukumbi bila kulazimishwa, nikaanza kuacha mapengo, na tumba ikajibu ndani ya mapengo hayo. Hapo ndipo nilipoanza kuwa mpiga besi.

Siku hizi amplifaya ya wati mia kadhaa inaingia kwenye begi la mgongoni, na kumbi nyingi zinapeleka besi moja kwa moja kwenye mikisa. Watazamaji wanasikia vizuri. Lakini mpiga drams na mpiga tumba wanahitaji hewa ile inayotoka nyuma yao, na sijaona spika ndogo ya miguuni inayoweza kuwapa.

Vijana wanaonijia na boksi la pili nawauliza kwanza omu za amplifaya na omu za boksi. Amplifaya ya valvu ina masharti yake: swichi ya omu ilingane na spika, na usiiwashe kamwe bila spika. Tena kuna kombo ambazo ukichomeka jeki ya nje, spika ya ndani inakatika. Soma nyuma ya kombo yako.

Boksi la Keko ninalo mpaka leo. Spika nimebadilisha mara mbili, mbao ni zilezile.