Mbwa hafunzwi kwa kuvutwa

Wengi wetu tunaoishi mijini hufuga mbwa kwa sababu moja tu: wezi. Mchana kutwa mbwa hufungiwa kibandani au hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, na usiku hufunguliwa azunguke uani akibweka. Mbwa wa aina hii haijui barabara, hawajui watoto wa jirani, na mbwa wenzake huwajua kwa sauti tu zitokazo ng'ambo ya ua. Je, siku utakayotamani kutoka naye matembezini, atafanya nini? Bila shaka atavuta kamba na kubweka, nawe utaburutwa nyuma yake kama mkokoteni.

Simba wetu alikuwa mbwa wa namna hiyo. Tulimrithi kutoka kwa jirani aliyehamia mashambani, naye alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Nyumbani alikuwa mpole ajabu. Lakini nje ya lango, akimwona tu mbwa mwingine, alisimama kwa miguu miwili akinguruma hadi ukanda wa shingoni ukamkaba koo.

Katika barabara yetu hapa Nairobi kulikuwa na nyumba tano zenye mbwa, na barabara hiyo ndiyo njia ya watoto ya kwenda shule ya msingi. Wazazi walilalamika. Katika mkutano wa wakazi, mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mama, hatuna ugomvi na mbwa wako. Lakini watoto wetu wanazunguka kilomita nzima ili wasipite hapa. Mtatusaidiaje?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Tulipewa miezi mitatu tuwatulize mbwa wetu au tuwaondoe. Nawe msomaji wajua vyema mbwa anayeondolewa huishia wapi. Mbwa mkubwa anayeogopwa hapati wa kumchukua, na akiachwa azurure mitaani, aghalabu hutupiwa nyama yenye sumu.

Basi wenye mbwa tukaamua kuwafunza pamoja. Mbwa anayetulia akiwa peke yake hajafuzu bado, maana mtihani wenyewe ni pale anapokutana na wenzake na wapita njia.

Tulianza na chanjo. Daktari wa mifugo aliwadunga mbwa wote watano sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa kabla hawajakaribiana. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Kwa hivyo mtu akiumwa na mbwa, kidonda na kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Kisha tukaja kwenye kamba. Chagua ya kitambaa kigumu, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Ile inayojikunjua yenyewe haifai katika kundi, kwani humzoesha mbwa kwamba akivuta anaongezewa nafasi, na zikikutana mbili hunasana na kufunga miguu ya watu.

Wiki mbili za kwanza kila mmoja alimfunza mbwa wake nyumbani, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Kanuni ilikuwa moja: kamba ikikaza, mtu husimama, ikilegea, safari huendelea. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta humlipa. Kila anapovuta, hufika anakotaka. Ukisimama kama mlingoti, faida hiyo inakwisha. Anaporudi kando ya mguu wako, mpe papo hapo kipande cha maini ya kuchemsha, kidogo kama punje ya hindi. Ikiwa maini ni ghali, omena watafaa.

Wiki ya tatu tulikutana kwenye uwanja wa wazi, mbwa wawili wawili. Tuliwatembeza wakielekea upande mmoja, wakiwa wametengana kama mita 30. Hatukuwakutanisha uso kwa uso, kwani kwa mbwa kukodoleana macho ni uchokozi. Mita 30 si sheria. Kipimo halisi ni maini yenyewe. Mbwa akimwona mwenzake na bado anakula, umbali unatosha. Akikataa chakula anachokipenda, jua mmekaribiana mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Tulipunguza nafasi hiyo kidogo kidogo siku baada ya siku. Bandu bandu huisha gogo.

Hapo mwenzetu mmoja alichoka, akapendekeza kiboko. Nilimkumbusha habari za Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Mtaalamu huyo alionyesha kwamba mbwa akizoea kupata chakula kila baada ya ishara fulani, mwishowe hudondokwa mate kwa ishara hiyo tu, hata chakula kisipokuwapo. Sasa fikiri: kwa mbwa wetu, ishara ni mbwa mwenzake. Ikiwa kila anapomwona mwenzake anachapwa au anakabwa shingo, atajifunza kwamba mbwa mwingine huleta maumivu, na kesho atabweka zaidi. Lakini ikiwa kila anapomwona anapata maini, atageuka mwenyewe akutazame, akingoja chake. Mwenzetu alikisikia kisa hicho, akakiacha kiboko nyumbani.

Wiki ya sita mbwa wanne walitembea pamoja, nafasi ya mita tatu kati ya mmoja na mwingine, aliyetulia zaidi akitangulia. Kila baada ya dakika chache tulisimama wakanusa nyasi, maana pua ya mbwa ndiyo gazeti lake. Tulichunga pia dalili za mapema: mwili kukakamaa, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi. Ukiziona, mwondoe kando kabla hajabweka. Akishabweka, somo la siku hiyo limekwisha.

Mbwa wa tano hakuliweza kundi hata mara moja. Mwenyewe humtembeza alfajiri, peke yao, na hiyo si aibu. Kama walivyo watu, si kila mbwa hupenda umati.

Mwezi wa tatu tulikwenda msitu wa Karura, ambako mbwa wanaruhusiwa mradi wafungwe kamba. Tulikutana na wakimbiaji, baiskeli na mbwa tusiowajua. Simba alinguruma mara moja, akaniangalia, akapokea maini yake, tukapita.

Katika mkutano uliofuata yule mzee alisimama tena. "Sijasema ninawapenda," alisema. "Nimesema wakae." Wanafunzi sasa hupita barabarani kwetu. Baadhi yao bado hushikana mikono wakitukaribia, nasi hujitenga upande mmoja na kuwaketisha mbwa hadi watoto wapite. Hiyo ndiyo adabu ya kundi. Barabara ni ya wote, na mtu anayeogopa mbwa halazimiki kumzoea mbwa wako. Wala jirani ambaye dini yake inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa hafai kuambiwa kwamba huyu haumi. Wewe ndiwe wa kumpisha.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa hakika mtoto wa mbwa hufunzika upesi zaidi. Hata hivyo, usimkatie tamaa mbwa mkubwa. Anza uani, wiki hii, kwa dakika kumi. Watoto wakusaidie kukatakata maini na kuhesabu hatua, lakini kamba ya mbwa mkubwa ishikwe na mtu mzima. Kisha mtafute jirani mmoja mwenye mbwa na subira kama yako, mkubaliane siku na uwanja. Mkitengana mita 30 mtalazimika kusemezana kwa sauti ya juu, lakini wiki baada ya wiki mtajikuta mnaongea polepole.